Masweta Yasiyo na Mikono

Benchi ni langu, hilo lieleweke mapema. Liko mbele ya kibanda changu cha viatu, ubavuni mwa saluni ya Kinyozi, na anayetaka kulikalia bure atafute benchi lingine. Sharti langu ni moja tu: ukikaa, unapewa kiatu kilichopakwa gundi, unakibana katikati ya magoti mpaka kishike. Sina mashine ya kubania soli. Nina watu wenye magoti na maneno mengi, na kazi inakwenda. Asubuhi hiyo ya Jumatano walikuwepo watatu. Setilaiti, ambaye alistaafu kufunga madishi juu ya mapaa na tangu ashuke hajakubali kwamba ameshuka, alikuwa amebana buti la mlinzi. Kinyozi alikuwa amebana sandali ya mteja wake mwenyewe, huku jicho moja likichungulia mlango wa saluni. Mama Birika, muuza kahawa, hakubana kitu, maana ukimpa Mama Birika kiatu anakupa kahawa ya baridi. Kahawa ilikuwa moto, ubishi ulikuwa bado haujapata mada, na hapo ndipo Mzee Rula alipotokea.

Mzee Rula ni seremala mstaafu. Jina alilipata kwa ile rula ya mbao isiyotoka mfuko wa shati, hata siku ya harusi ya mwanawe aliivaa na suti. Tangu amzike mkewe, miezi minne sasa, alikuwa akipita tu ng'ambo ya barabara, anainua mkono, anakwenda zake. Siku hiyo alivuka.

— Nafasi ipo? aliuliza.

Tulisogea wote kwa mpigo mmoja. Akakaa, na mimi nikasahau kabisa kumpa kiatu. Jambo hilo halijawahi kunitokea tangu nifungue kibanda.

Alitoa simu yenye gamba la maua, imepasuka pembeni. Sote tuliijua. Ilikuwa ya marehemu mkewe, yule tuliyemwita Mwalimu, mtaa mzima.

— Nina video hapa, alisema. Nataka ipande kwenye ukurasa wake. Haipandi. Toka jana jioni inazunguka tu.

— Video ya nini, mzee wangu? aliuliza Kinyozi.

— Ya mikono.

Kinyozi aliruka, sandali ikamponyoka, nami nikamfokea kwa sababu gundi ilikuwa haijashika. Hakunisikia hata kidogo.

— Mikono ya sweta? Ipo?

Hapa lazima nieleze, vinginevyo mtatuona wendawazimu. Mwalimu alikuwa akifundisha kufuma kwenye simu. Alikaa sebuleni kwake na sindano mbili, Mzee Rula anashika simu, na wanawake wa mbali na wa karibu wanafuma naye hatua kwa hatua. Somo lake la mwisho lilikuwa sweta la mtoto mchanga. Sehemu ya kwanza alifuma kifua na mgongo, akavishona bega kwa bega, akasema, haya wanangu, tukutane tena tumalizie mikono. Wakamngoja. Yeye akafariki, na hakuna aliyewaambia.

— Mke wangu ana sweta hilo, alisema Kinyozi. Alilifuma mimba ikiwa kubwa. Mtoto kazaliwa, baridi imeingia, sweta liko kabatini halina mikono. Dada yangu kaleta jingine zuri tu, mama mtoto hataki. Anasema Mwalimu alituahidi mikono, na mikono itakuja.

— Najua, alisema Mzee Rula. Jana nilikutana naye akanionyesha simu yake. Wanawake mia mbili na zaidi wameandika kwenye ule ukurasa. Mwalimu, mikono. Mwalimu, tunasubiri. Mwalimu, mwanangu anakua, sweta litambana.

Aliigeuza simu mkononi.

— Mimi nilidhani anayemngoja ni mimi peke yangu.

Mama Birika alimimina kikombe kimoja, akakiweka karibu na goti la mzee. Mimi niliinamia soli yangu. Nina hasira za karibu, wote wanajua, lakini neno lile lilinichoma.

— Kwa hiyo ipo? Kinyozi alirudia. Iko humo ndani?

— Ipo. Nilimrekodi mwenyewe, dakika kumi na nne, mkono wa kulia na wa kushoto. Akasema ataipandisha kesho yake akiwa ametulia.

Tulikusanya vichwa juu ya simu. Upau wa kupakia ulikuwa mtupu, asilimia sifuri, na juu yake kiduara kinazunguka, kinazunguka. Mtandao umejaa, vijiti vyote vinne vimesimama.

— Simu inapigika? niliuliza.

— Inapigika vizuri.

— Bando lipo?

— Kinyozi aliniwekea jana kwa mkono wake.

— Basi tatizo ni video yenyewe, Kinyozi alikata shauri. Ni ndefu mno. Dakika kumi na nne nani atazibeba? Kata dakika saba, rusha.

— Dakika saba ni mkono mmoja, alisema Mzee Rula.

— Si wa pili utafanana na wa kwanza?

— Haufanani, unageuzwa. Ukirudia vilevile utapata mikono miwili ya kulia.

Mama Birika alicheka hadi birika likatikisika.

— Mtoto wako atapeana mikono na kila mtu, Kinyozi, ila makofi hataweza kupiga!

— Mimi nasaidia, nyie mnacheka.

— Saidia kwa akili, alisema Mama Birika. Mzee, zima hiyo simu, uiwashe. Hata mimi nikichoka nalala kidogo, naamka mzima.

Mzee Rula aliizima. Tulikaa tukikiangalia kioo chake cheusi mpaka ikawaka tena, naye akaweka namba ya siri mwenyewe, taratibu. Kiduara kikarudi. Sifuri.

Setilaiti alikuwa bado hajasema kitu, na nyinyi hamumjui, lakini ukimya wa Setilaiti ni kama mtu anayerudi nyuma ili apate kasi ya kuruka.

— Mmemaliza? alisema. Mmemaliza kubahatisha?

— Haya, sema wewe bwana wa angani, nilimjibu.

— Weka alama ya ndege. Hesabu kumi. Itoe.

Tukaweka. Tukahesabu kumi kwa sauti, watu wazima watano, mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita akageuka kutuangalia. Tukatoa. Sifuri.

— Hapo sasa nimethibitisha, alisema Setilaiti, na akaonekana amefurahi kabisa kwamba imeshindikana. Nilitaka tu kuhakikisha. Simu iko chini mno. Sisi tumekaa, mnara umesimama. Ipeni simu hadhi yake.

Kabla sijamzuia alipanda juu ya benchi langu, simu mkono wa kulia, buti la mlinzi bado amelibana kwa magoti. Alisimama amejikunja, simu hewani.

— Shuka, gundi inaachia! nilipiga kelele.

— Vijiti vingapi?

— Vinne! Vilevile vinne! Shuka!

— Na asilimia?

— Sifuri, Setilaiti. Sifuri ya chini na sifuri ya juu ni sifuri moja.

Alishuka, akalirudisha buti mahali pake, akavuta pumzi. Nikajua sasa tunaingia kule kwenyewe.

— Nyie hamjui video inasafirije. Video haiendi nzima, sikilizeni. Inachambuliwa vipande, kule ng'ambo inaungwa. Video ya mtu anayehubiri ni nyepesi, kwa nini? Uso ni uleule, ukuta ni uleule, kinachotembea ni mdomo. Lakini hii ni ya kufuma! Kila uzi lazima uhesabiwe. Mtandao unahesabu, mia tatu, mia nne, ukifika mia tano unachanganyikiwa, unaanza upya. Ndiyo maana sifuri haitoki.

— Kwa hiyo Mwalimu angetumia uzi mnene... alianza Kinyozi.

— Hapo! Uzi mnene, nyuzi chache, video ingekuwa ishafika. Mzee, lile sweta lilikuwa rangi gani?

— Njano.

— Njano! Setilaiti alijipiga paja. Saa hizi, na jua hili! Njano inapitaje kwenye jua? Subirini mawingu.

— Sasa ya kijani tungesubiri nini, mvua? aliuliza Mama Birika.

— Mnafanya mzaha.

— Anayefanya mzaha ni wewe, nikamwambia. Mzee amekaa hapa na moyo wake mkononi, wewe unampimia rangi.

Lakini Mzee Rula alikuwa akitabasamu. Tabasamu dogo, la upande mmoja, ila nililiona. Nadhani ilikuwa muda mrefu hajakaa mahali ambapo watu wanabishana kuhusu mkewe kwa sauti ya kawaida. Sisi sote tulikuwa tukimwambia pole tu, kwa sauti ya chini, halafu tunapita.

— Ilikuwa sufu iliyobaki ya sweta langu, alisema. Ndiyo maana njano. Alisema mtoto avae, mimi njano inanifanya nionekane mgonjwa wa ini.

Tukacheka wote, na yeye.

Kinyozi akaja na lake.

— Mimi nasema simu imejaa. Picha ngapi humo, mzee?

— Elfu tatu na kitu.

— Si unaona! Video inajaribu kutoka, haina hata pa kukanyaga. Futa picha mia tano, mlango utafunguka.

— Sifuti.

— Mia mbili basi. Zile zilizofanana.

— Hakuna zilizofanana, alisema Mzee Rula, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga dirisha.

Kinyozi alinywea. Nilimkanyaga mguu chini ya benchi, ingawa hakuwa na nia mbaya. Akajaribu kutengeneza.

— Basi itume kwangu. Sasa hivi, simu kwa simu, bila mtandao. Mimi nampelekea mke wangu, leo hii anafuma.

— Mke wako atapata. Na wale mia mbili?

— Tutaweka kwenye ukurasa wangu.

— Ukurasa wako una nini?

— Mitindo ya nywele.

— Wanawake waliomo humu wanamngoja Mwalimu, mwanangu. Hawajui kama wewe upo duniani. Lazima itokee kwake.

Alisema kweli. Hata hivyo nilisema jambo moja la maana asubuhi hiyo, nijisifie kidogo: nilisema kabla ya chochote kingine, video inakiliwe kwanza pembeni, lisije likatokea la kutokea. Kinyozi alichomoa memori kadi yake, akaichomeka kwenye simu ya mzee, akainakili. Tukaona dakika kumi na nne zimeingia salama. Kumbe niliokoa nusu tu ya jambo, maana kufumba na kufumbua Setilaiti alikuwa ameishika simu tena.

— Dawa ya mwisho, alisema. Apu yenyewe imeoza. Unaifuta, unaipakua upya, unaingia safi.

— Subiri, alisema Mzee Rula. Ukiifuta, kuingia tena kunataka nini?

— Namba ya siri tu.

— Ipi?

— Ya ukurasa.

— Aliijua yeye.

Kidole cha Setilaiti kilikuwa tayari juu ya kioo, na alama ya kufuta imeshajitokeza, naiona mpaka leo. Nilirusha nyundo chini, nikamshika kifundo cha mkono.

— Toa kidole! Toa kidole hicho, wee mtu! Huo mlango ukifungwa haufunguki tena, ufunguo mwenyewe kaondoka nao!

— Sikugusa!

— Ulikuwa unagusa!

Simu ilirudi kwa Mzee Rula. Aliipangusa kwa pindo la shati. Setilaiti alibaki amelikumbatia buti, macho chini. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Hakuna kitu alichokitaka siku ile zaidi ya kumfaa yule mzee.

Ni Mama Birika aliyesema, pole pole, akiangalia birika lake:

— Mimi naona hivi. Simu imezoea mkono wa mwenyewe. Miaka mingapi aliishika? Labda inamngoja na yenyewe. Inakataa wageni.

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa neno la ajabu kuliko yote yaliyosemwa, kuliko hata uzi mnene wa Setilaiti, lakini lilitua benchini likakaa. Mzee Rula aliigeuza simu kifudifudi pajani.

— Labda, alisema.

Wakati huo ndipo alipofika yule dada, muuguzi, sare nyeupe chini ya koti, anachechemea na kiatu kimoja mkononi. Alikuwa anatoka zamu, soli imeachama. Nilimkalisha, nikampa kipande cha kadibodi akanyagie, nikapaka gundi, na kiatu nikampa Setilaiti abane, maana buti lilikuwa limeiva.

— Dada karibu, usitushangae, alisema Mama Birika akimpa kahawa. Tuna msiba wa video.

— Imefanyaje?

Kila mtu alimweleza kwa wakati mmoja. Dada wa watu alisikiliza kikombe kikiwa mdomoni, anageuza macho toka kwa Kinyozi kwenda kwa Setilaiti, toka kwenye urefu wa video kwenda kwenye rangi ya njano. Alipomaliza kusikia alishusha kikombe.

— Samahani kuuliza. Tarehe ya simu iko sawa?

— Tarehe? alisema Setilaiti, kama mtu aliyeulizwa kama amevaa soksi.

— Kompyuta yetu ya wodini, umeme ukizimika, ilikuwa inapoteza tarehe. Tukiwasha, mtandao upo, lakini kila tunachofungua kinakataa. Tulihangaika wiki nzima. Fundi alituambia, mashine ikibisha hodi kule inaonyesha tarehe yake. Tarehe ikiwa ya uongo, kule wanaona huyu ni tapeli, hawafungui. Hebu tuone.

Mzee Rula hakuigeuza simu. Ilibaki kifudifudi pale pajani, kiganja kimeifunika.

— Mzee, nilimwambia kwa upole, ambao si kawaida yangu. Tuone tu.

Aliinua kiganja. Muuguzi aliigeuza, akavuta kioo kutoka juu kwenda chini kwa kidole, akakunja uso.

— Leo si Jumatano? Na mwezi si wa saba? Mbona hii inasema ni Jumapili, mwezi wa tatu?

Mimi nilikuwa na jibu la haraka, kwamba betri ilikufa, kwamba simu za siku hizi ni takataka. Lakini nilimwona Mama Birika amejishika shavu, na hesabu ikanijia na mimi. Mwalimu tulimzika Jumatano, mwezi wa tatu. Alifariki Jumanne.

— Haikuharibika, alisema Mzee Rula. Ni mimi.

— Uliibadilisha wewe? aliuliza muuguzi, ambaye hakuwa anajua lolote.

— Kila asubuhi. Nikiamka, kabla sijanawa uso, nairudisha Jumapili. Ile Jumapili tuliyorekodi. Ikifika usiku inataka kwenda Jumatatu, sawa, naiacha. Asubuhi nairudisha. Haijawahi kuifikia Jumanne.

Alisema kwa utulivu, kama anavyoeleza kipimo cha meza.

— Najua mambo ya watu wazima, msidhani nimechanganyikiwa. Kalenda ukutani kwangu iko sawa. Ila humu ndani, alisema akigonga kioo kwa kucha, humu bado ni Jumapili. Yuko kwenye kochi. Ananiambia shika simu vizuri, mkono unatetemeka, wanangu wataona kizunguzungu. Nikaona, nyumba nzima imeshakwenda mbele. Simu tu ibaki naye.

Niseme tu wazi: nililia. Fundi viatu mzima, mbele ya wateja. Kinyozi naye alikuwa anajifuta kwa kile kitaulo chake chenye nywele za watu.

Muuguzi alikuwa ameweka mkono mdomoni.

— Nisamehe, baba. Sikujua.

— Umeuliza vizuri, mwanangu. Hawa wamenizungusha tangu saa mbili, wewe peke yako umeuliza. Kwa hiyo nikiirudisha leo, itapanda?

— Naamini itapanda.

— Na Jumapili?

Mzee Rula alitazama simu, akatazama mlango wa saluni ya Kinyozi.

— Mtoto ana miezi mingapi?

— Mitatu na wiki mbili, alisema Kinyozi.

— Mnene?

— Mnene, mzee. Sitakudanganya. Anajaa kila siku.

— Basi sweta lenyewe halina muda mrefu.

Akatunyooshea simu.

— Nani anabonyeza? Mimi nimebonyeza ya kurudi miezi minne. Ya kwenda nisaidieni.

Asubuhi nzima watu walikuwa wakiigombania simu ile, na sasa hakukuwa na aliyeitaka. Niliangalia vidole vyangu, vimejaa gundi, nikashukuru. Kinyozi akakumbuka mteja ambaye hayupo. Setilaiti aliuficha mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo, ule ule uliotaka kufuta. Mama Birika alitikisa kichwa tu, machozi yanamtiririka. Muuguzi alisema:

— Baba, mimi ni mgeni. Si haki iwe mimi.

Mzee Rula alikubali kwa kichwa. Alirudisha simu kwake, akafungua mahali pa saa na tarehe. Njia aliijua hata bila kutazama. Kulikuwa na kitufe kidogo cha kuiacha simu ijipangie tarehe yenyewe. Alikaa nacho. Alimaliza kahawa yake yote, mpaka machicha, bila haraka, na sisi tukamngoja. Magari yalipita. Mteja alikuja kuulizia kiatu chake nikamfukuza kwa ishara.

Kisha akabonyeza.

Simu ilikaa kimya kama inajiuliza, halafu ikaanza kutetemeka. Ikatetemeka, ikatetemeka, miezi minne yote ikiingia kwa mara moja: ujumbe, salamu, watu waliomtafuta Mwalimu, watu waliosema pole. Mzee Rula aliishika kwa mikono miwili. Ilipotulia, Kinyozi alichungulia begani kwake.

— Nne! Asilimia nne!

— Kumi na moja, alisema Mama Birika.

— Ishirini na tisa. Msiisogeze, alisema Setilaiti. Mtu asipumue.

Ilifika tisini na tisa ikasimama, na sijui kama kuna aliyepumua kweli. Nilihesabu magari matano. Halafu upau ukatoweka, na pale pale akatokea Mwalimu, kwenye kochi lake, sindano mbili na sufu ya njano, amefungua mdomo anataka kuanza kusema.

Hakuna aliyeshangilia. Kinyozi alikimbilia nyuma ya saluni anakokaa, tukamsikia akimwita mke wake kwa jina la utotoni ambalo hajawahi kulitumia mbele yetu. Aliporudi alikuwa na simu yake mkononi, anasoma kwa sauti jinsi wanawake walivyoanza kumiminika.

— "Mwalimuuu! Umerudi!" Mwingine: "Jamani mikono!" Mwingine: "Ulipotelea wapi mama yetu, tulidhani umetususa."

Sauti yake ikapungua.

— "Tuambie tu kama u mzima."

— Hawajui? aliuliza muuguzi.

— Hawajui, nilisema.

— Na nani atawaambia?

Mama Birika alijitolea kuandika. Kinyozi alijitolea. Hata Setilaiti alisema anao mwandiko mzuri, kana kwamba simu inataka mwandiko. Mzee Rula aliwakataza wote kwa kiganja. Aliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, anatafuta herufi moja baada ya nyingine, anafuta, anaandika tena. Nilishona kiatu kizima katika muda huo. Hatimaye simu ya Kinyozi ililia mkononi mwake, naye akatusomea.

— "Mimi ni mume wa Mwalimu. Mwalimu alifariki siku mbili baada ya somo hili. Aliyeshika simu ni mimi, kama picha inatikisika mniwie radhi. Mikono yote miwili ipo. Atakayekwama aulize hapa. Mistari yote aliyofuma, nilikuwepo."

Tulikaa. Halafu simu ikalia.

— "Pole sana baba yetu," Kinyozi alisoma. "Mungu akutie nguvu. Samahani baba, mimi ndiyo naanza mkono sasa hivi. Mstari wa tisa, anapunguza matundu mangapi?"

Mzee Rula alifumba macho. Vidole vyake vilicheza kidogo hewani, kama vimeshika sindano.

— Mawili, alisema. Moja kila upande.

Akafumbua macho, akainama, akaanza kutafuta herufi ya kwanza.